Dakika Mbili Juu ya Jirani

Jumamosi, 14 Juni

Mada ya leo: Familia. Maneno kumi na tano, misemo minne. Nimejirekodi mara sita. Mara ya sita nimefikisha dakika moja na sekunde kumi. Kwenye mtihani wanataka dakika mbili.

Mwalimu wangu simjui hata sura. Yuko Arusha, ananifundisha kwa simu. Kila baada ya siku moja au mbili ananitumia mada na orodha ya maneno yake, mimi najirekodi, yeye anasahihisha. Anasema kuandika sina shida. Shida ni mdomo. Najibu kifupi mno. Ni kweli. Mwaka jana ndivyo nilivyoanguka. Mtahini anauliza, mimi naangalia sakafu, najibu maneno matatu, nanyamaza. Nilijibu kama nilivyolelewa. Huku Kirushya binti akiulizwa na mtu mzima hamkodolei macho, wala hamwagi maneno. Kumbe kwao hiyo ni sifuri.

Mtihani wa Kiingereza ni tarehe 5 Julai, Mwanza. Nikipata alama wanazotaka kuna hospitali ng'ambo inanisubiri. Nikikosa, likizo ikiisha narudi kwenye zahanati yangu njia ya Nyakanazi, kuchoma sindano na kuwaambia watu dawa zimeisha mpaka nistaafu. Miaka kumi imenitosha.

Kwenye Familia wanapenda kuuliza mko wangapi. Nimemuuliza Mama nijibu nini. Amekasirika kweli. Watoto hawahesabiwi, unataka waanze kupungua? Nimeandika several, yaani kadhaa. Mwalimu kasema jibu zuri.

Jumatatu, 16 Juni

Maharage yameanikwa uani, kahawa kwenye jamvi. Mama anapiga maharage peke yake. Nilichukua fimbo nimsaidie, akaninyang'anya. Kasome, kasema. Anaona aibu mbele ya majirani kwamba binti mzima amekaa kivulini anaongea na simu, lakini anaona fahari pia. Anawaambia wapitao njia kwamba Edina anakwenda Ulaya. Nimemkataza. Hasikii.

Mada: Hali ya hewa. Misemo ya Waingereza inanichosha. Mvua kubwa ati ni paka na mbwa. Mtu akiumwa kidogo ati yuko under the weather, chini ya hali ya hewa, kana kwamba sisi wengine tunakaa juu yake. Nimekariri hivyohivyo. Sijaja kubishana nao.

Jumanne, 17 Juni

Mada: Afya. Hatimaye kitu ninachokijua. Dakika moja na sekunde arobaini bila kukwama.

Saa kumi jioni kaja Mzee Laurenti, jirani yetu wa kule chini, rafiki wa marehemu baba. Mama alikuwa ameenda kukata ndizi. Nikamkaribisha mimi. Palikuwa na pombe ya ndizi iliyobaki ya Jumapili. Nikausafisha mrija kwa maji ya moto, nikamimina kwenye kibuyu, nikampa. Sikuonja kwanza. Desturi yetu mwenye nyumba huonja, mgeni aone hakuna kitu ndani. Lakini mimi sinywi. Na mrija mmoja, midomo miwili, mimi ni nesi, vifua vikuu nimeviona vya kutosha. Tena nilikuwa na waya za simu masikioni, nasikiliza matamshi. Mzee akacheka. Siku hizi manesi hamtuonjei? Nikacheka na mimi. Akanywa yote akashukuru.

Miguu yake imevimba. Vifundo havionekani, mikanda ya makatambuga imeacha mifereji kwenye nyama. Na alikuwa anahema mdomo wazi kwa kale kakilima tu. Sentensi ikanijia yenyewe: My neighbour has swollen ankles and he is short of breath. Alipoondoka nikairekodi. Mwalimu kajibu hapohapo. Safi sana, hicho ndicho Kiingereza cha nesi.

Nimefurahi sana leo.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kuomba barua. Bila barua ya kusema mimi ni mkazi, mtoto wa fulani, tabia yangu haina doa, pasipoti siipati. Kasema nirudi mwanzoni mwa mwezi, muhuri haupo. Kaniuliza habari za ng'ambo kwa nusu saa. Ana kijana wake anataka kwenda.

Mada: Ujirani. Kuna usemi mmoja nimeupenda, pillar of the community. Nguzo ya jamii. Huu angalau nauelewa bila kuambiwa.

Jumamosi, 21 Juni

Mama kaniambia Mzee Laurenti hajisikii. Kifua. Kalala tangu jana. Mke wake, Mama Deo, anampa dawa za majani. Nimesema nitampitia. Halafu mtandao ukawa mzuri, mwalimu akanipigia, tukafanya mtihani wa majaribio saa nzima na robo. Nilipomaliza jua limezama.

Kesho nitakwenda.

Jumapili, 22 Juni

Misa, jumuiya, kisha mada ya Safari. Kesho.

Jumatatu, 23 Juni

Mzee Laurenti kafa leo asubuhi. Walikuwa wanamtafutia pikipiki ya kumpeleka hospitali.

Nimesoma hapo juu. Kesho. Kesho. Nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu.

Moyo ulimshinda. Hakuna nesi asiyejua dalili zile, ukurasa wa kwanza wa somo. Ningemwambia Jumanne ile, Mzee, kesho panda gari uende hospitali, wangempa vidonge vya kupunguza maji, labda angekuwa uani kwake sasa hivi. Labda. Nilimtazama miguu nikaifanya sentensi.

Jumanne, 24 Juni

Tumemzika saa nane. Wanaume wamechimba, wanawake tumepika. Yaani wengine wamepika. Mama alichukua kisu akae na wenzake kumenya ndizi. Mmoja akasema ndizi zimetosha. Hazikuwa zimetosha. Mama akarudisha kisu, akaenda kukaa na vikongwe.

Baadaye nimesikia. Mzee alipotoka kwetu alimsimulia mkewe kwa utani kwamba leo kule juu hawakunionjea. Utani. Siku tatu baadaye kalala, siku sita kafa. Sasa nyumba nzima imeshahesabu siku.

Kwetu hakuna anayesema neno lenyewe mbele yako. Wanaondoa kisu mkononi mwako, basi.

Jumatano, 25 Juni

Mada: Kazi. Nimejirekodi sekunde ishirini na tano, nimefuta.

Hakuna aliyepita uani leo. Hata wa kuomba moto.

Alhamisi, 26 Juni

Mama kavaa kitenge chake cha misani, katoka peke yake saa tatu asubuhi. Nimemuuliza anakwenda wapi, hakunijibu. Karudi kabla ya saa sita. Kavua kitenge, kakikunja, kaenda kugeuza kahawa.

Nilitaka kumwambia ni mimi niliyempa Mzee ile pombe. Hajawahi kuniuliza. Alirudi na ndizi jioni ile akakuta kibuyu kitupu na mimi nimesimama kule mwinukoni penye mtandao nacheka na simu. Anadhani nini? Sijui anadhani nini. Naogopa kuuliza.

Naandika ukweli maana hapa hakuna anayesoma. Naogopa barua. Siogopi Mungu wala mzimu wa Mzee Laurenti, naogopa barua ya mwenyekiti.

Ijumaa, 27 Juni

Wamekuja. Deo, mtoto wa kwanza wa marehemu, na baba zake wadogo wawili, na mwenyekiti. Saa nne asubuhi, jua kali. Hawakukubali viti. Mama alisimama, mimi nikasimama nyuma yake, mlangoni.

Deo ni wa rika langu. Tumesoma wote. Hakunitazama. Kauliza nani alimpa baba pombe siku ile. Hata sijavuta pumzi, Mama kajibu.

"Mimi."

Deo akauliza kama alionja. Mama kasema hapana, alisahau, ni uzee. Wale wazee wakatazamana. Kusahau ni jambo gani hilo? Mama yangu ameonja pombe ya wageni miaka arobaini tangu alipoolewa. Hakuna mtu Kirushya nzima anaweza kuamini kwamba alisahau. Hata mimi nisingeamini.

Halafu mwenyekiti kanigeukia. Na wewe Edina, ulikuwepo?

Nimesema nilikuwa chumbani nasoma.

Nimesema nikiangalia chini, kwa sauti ndogo, maneno matatu, kama binti aliyelelewa vizuri. Wote wakaridhika.

Mwenyekiti katoa uamuzi palepale, kwamba hataki mambo ya polisi kwenye kitongoji chake. Mama asikaribishe mtu kwa kinywaji wala chakula. Asipike misibani wala harusini. Jumuiya itaangalia mambo yake yenyewe. Deo kasema hiyo haitoshi. Mwenyekiti kasema inatosha.

Ningeweza kusema neno moja, moyo. Ni ugonjwa wa moyo, mimi ni nesi, niliona dalili. Na wangeniuliza, uliona lini?

Wameondoka. Mama kanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kasema nimkatie kuni.

Jumapili, 29 Juni

Migomba kumi na minne imelazwa. Ile ya nyuma ya nyumba, aliyoipanda baba. Imekatwa kwa panga mmoja mmoja, mikungu bado michanga. Utomvu umetiririka mpaka njiani.

Mama hakulia. Alipitisha mkono kwenye visiki akasema itachipua. Mimi nimelia kwa hasira. Nilitaka kwenda kwa Deo. Mama akasimama mlangoni akanizuia kwa mwili wake. Sijawahi kumwona hivyo. Kama nikienda kule, kasema, nisirudi nyumbani kwake.

Hatukwenda misani.

Jioni kiongozi wa jumuiya katuma ujumbe kwa simu yangu, si kwa ya Mama. Zamu ya sala ya Alhamisi iliyokuwa iwe kwetu imehamia nyumba nyingine. Mungu awabariki.

Jumatatu, 30 Juni

Mwalimu anauliza mbona kimya. Siku tano zimebaki. Nimemwandikia tuna msiba. Kanipa pole, kanitumia mada ya Hisia. Orodha ndefu. Kuna maneno zaidi ya kumi na mbili ya aibu, kila moja na kiasi chake, kama dozi.

Nimeyakariri yote. Nimeweza dakika mbili kamili. Najichukia.

Jumanne, 1 Julai

Barua nimepata. Mwenyekiti kaandika mbele yangu, herufi nzuri, kagonga muhuri mara mbili. Mtoto wa marehemu fulani. Tabia njema. Kaniambia nisihuzunike, kwamba mimi nimesoma, nisichukuliwe na mambo ya wazee wa zamani. Kasema Mama ana bahati kuwa na mtoto kama mimi, vinginevyo Deo angechoma nyumba.

Nimeikunja nikaitia ndani ya kamusi. Njiani nimepishana na wanawake watatu wakitoka kisimani. Wamenisalimia. Wananisalimia mimi. Mama akipita wanatua ndoo na kujifanya wanafunga vilemba.

Alhamisi, 3 Julai

Nimejaribu kumwambia. Tulikuwa tunachambua maharage, yeye ungo wake, mimi wangu. Nimeanza, Mama, siku ile ya Mzee. Kasema, maharage haya yana mawe mengi mwaka huu. Nimeanza tena. Kanyanyuka kaenda kuangalia mbuzi. Hatuna mbuzi, tuliuza Februari.

Alikaa kule nyuma hadi nilipomaliza ungo wake na wangu.

Ijumaa, 4 Julai

Nimeondoka alfajiri. Mama kanifungia viazi na karanga. Nyakanazi saa nne, nikapanda basi la Mwanza. Pale stendi madereva wa malori wanakula wali na kupiga kelele kwa Kirundi, Kisukuma, Kinyarwanda, kila mtu anaeleweka. Nimekaa karibu yao kwa raha isiyo na sababu. Hakuna anayemjua Mama.

Nyumba ya wageni ni safi. Nimepitia mada zote tisa. Sina hofu. Hilo ndilo linanitisha.

Jumamosi, 5 Julai

Chumba kidogo, meza, kinasa sauti. Mtahini ni mwanamke wa makamo, miwani, sauti ya upole. Mwanzoni maswali mepesi, unaishi wapi, unafanya kazi gani. Halafu kanipa kadi. Dakika moja ya kujiandaa, dakika mbili za kuongea.

Eleza kuhusu jirani unayemfahamu vizuri.

Dakika ya kujiandaa sikuandika kitu. Nilidhani nitasema nimeshindwa, naomba kadi nyingine. Mdomo ukafunguka.

Nimemweleza Mzee Laurenti. Kwamba nilipokuwa na miaka minane malaria ilinipanda kichwani, baba hayupo, na yeye alinifunga kwa kitenge mgongoni akaendesha baiskeli mpaka hospitali, kupanda na kushuka vilima vyote vile. Kwamba alikuwa anacheka kabla ya kumaliza kisa chake. Kwamba alikuja kututembelea nikampa kinywaji kinyume cha desturi yetu. Nikaeleza desturi. Nikaeleza miguu. Nilisema niliiona, nilijua maana yake, na sikumwambia kitu kwa kuwa nilikuwa nafanya mazoezi kwa ajili ya chumba hiki. Nikasema sasa mama yangu anabeba jina baya lililo langu. Misemo ikaja yenyewe bila kuitwa, pillar of the community na mingine, yote mahali pake. Nilimtazama machoni. Sikuangalia sakafu hata mara moja.

Kalamu yake ilisimama. Halafu kasema thank you, na kuniuliza kama kwa maoni yangu majirani wa siku hizi ni tofauti na wa zamani. Ndilo swali linalofuata kwenye karatasi yake, hana namna. Nimejibu. Nimejibu vizuri.

Nimetoka nje nikakaa kwenye ukingo wa mtaro. Jambo ambalo sikuweza kumwambia mama yangu mzazi, nimemwambia mgeni kwa dakika mbili, ili anipe alama.

Jumapili, 6 Julai

Nimerudi. Mama kauliza walikuuliza nini. Nimesema majirani. Kasema mm.

Jumanne, 8 Julai

Matokeo yametoka mchana. Nilipanda kule penye mtandao, nikafungua simu. Nimefaulu. Kuongea ndiko nilikopata alama kubwa kuliko yote, juu ya walizotaka. Mwalimu katuma picha za fataki. Anaomba ruhusa awaonyeshe wanafunzi wengine. Anauliza nilipata mada gani.

Sijamjibu. Nimekaa chini kwenye nyasi. Nimefaulu kwa kifo cha mtu na kwa jina la Mama. Nimelia, na si machozi ya furaha, nisijidanganye.

Nimeshuka nikamwambia Mama. Kashika mikono yangu miwili, kanitakia baraka kwa Kihangaza, lugha yetu, maneno marefu ambayo huwaambia wanaoolewa. Kisha kaniambia nisimtangazie mtu. Yeye, aliyekuwa anamsimulia kila mpita njia.

Jumatano, 9 Julai

Leo nimekwenda kwa Mama Deo. Nimechagua saa ambayo Deo yuko kwenye kahawa. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, anapepeta mtama. Nikapiga magoti. Shikamoo. Marahaba. Kanionyesha pa kukaa.

Nimemwambia bila kuzunguka. Pombe ile nilimpa mimi. Mama hakuwepo. Sikuonja kwa sababu sinywi, hakukuwa na kitu ndani, lakini ni mimi.

Hakushtuka. Aliendelea kupepeta.

"Najua. Mzee aliniambia siku ileile ni wewe. Alikuwa anacheka."

Nimemuuliza mbona basi. Kaweka ungo chini. Kasema baada ya mazishi Deo na baba zake walitaka jina, na wasingelala mpaka walipate. Kabla yeye hajafungua kinywa, Mama alikuja. Alhamisi asubuhi, na kitenge chake cha misani. Alipiga magoti pale nilipopiga mimi. Alimwomba Mama Deo aseme aliyetoa pombe ni yeye, Mama. Alisema mtoto ana karatasi inasubiri muhuri, yeye hana karatasi yoyote. Mama Deo akafikiri, akakubali. Wamefahamiana tangu walipoolewa, wote wawili mwaka uleule.

Kasema mwenyewe haamini habari za sumu. Miguu ya mume wake ilikuwa imevimba tangu kabla ya Pasaka. Alimbembeleza aende hospitali, akakataa, akasema ni uzee. Halafu kanitazama sawasawa.

"Na wewe nesi, siku ile, uliiona?"

Niliweza kudanganya. Angenikubalia, nafikiri alikuwa tayari kunikubalia. Nimesema niliiona. Nimesema nilijua ni nini. Kwa lugha yetu, polepole. Haikufika hata nusu dakika.

Kuku walikuja kudonoa mtama, hakuwafukuza. Kisha akasema angalikusikiliza wewe. Mimi alinizoea, lakini wewe angalikusikiliza, alikuwa anakusifia kila mahali.

Nilimwambia nitakwenda kwa Deo na mwenyekiti, niseme yote. Kakataa. Kasema Mama yako ameshakatiwa migomba. Ameshatengwa. Ukisema leo, atakuwa mwongo juu ya yote yale, na wewe utabaki hapa, na hakuna atakayekuwa amepata kitu. Nenda, kasema. Halafu akasema nisije tena nyumbani kwake.

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefunga begi. Mama kapika. Nimemwambia nilikwenda kwa Mama Deo. Hakuuliza nilisema nini wala niliambiwa nini. Kaongeza mboga kwenye sahani yangu.

Nimemwambia sitaki kwenda. Kaniuliza, migomba yangu utairudisha wewe? Basi kula, kasema.

Ijumaa, 11 Julai

Nimetoka nyumbani saa mbili. Kazini Jumatatu, kisha pasipoti, kisha sijui. Mama kanisindikiza hadi barabarani. Alibeba begi dogo kichwani, akakataa nimpokee. Watu watano au sita walikuwa wanasubiri gari. Tulipofika walisogea kidogo kidogo, bila kelele, mpaka kukawa na nafasi kati yao na sisi. Mama akaweka begi chini, akarudi nyuma hatua kadhaa, ili nafasi ile iwe yake na si yangu.

Gari lilikuja. Niliingia, nikakaa karibu na dirisha. Mama alikuwa amesimama peke yake upande wa pili, mikono nyuma. Hakupunga.

Mama mmoja aliyekaa kando yangu alimtazama, akanitazama, akaniwekea mkono begani. Simfahamu vizuri, ni wa kitongoji cha pili. Kasema kwa upole kabisa:

"Pore mwanangu. Kuzaliwa na mtu wa namna ile si kosa rako."

Nilikuwa na Kihangaza, nilikuwa na Kiswahili cha kumwambia ukweli. Nimesema asante.

Gari likaondoka.